Bunduki ya Upepo na Tumbili wa Kwetu

Mjukuu wangu Anatolia alikuja kunitembelea hapa Nyanga Jumapili iliyopita, mkononi ana mfuko mrefu mweusi. Akaulaza juu ya meza ya sebuleni, palepale ninapopangia sahani za wageni. Nikadhani ni kinanda, maana huyo binti ana mambo mengi. Akavuta zipu. Kabla sijaona kitu, nikanusa. Mafuta. Yale mafuta mapya ya chuma, mazito, yanayokaa kooni. Nikarudi nyuma hatua mbili, mimi niliyebeba mikungu ya ndizi kichwani mpaka nikapita miaka sitini.

"Bibi, usiogope, ni ya upepo tu," akasema. "Ninayo na karatasi yake ya kibali. Tunashindana kulenga shabaha. Juzi nimekuwa wa pili, na wote waliobaki walikuwa wanaume!"

Nilijivuna, kwa nini nifiche? Huyo ni damu yangu. Akanionyesha darubini iliyo juu yake, akanionyesha kitako kinachopandishwa na kushushwa kama kiti cha kinyozi, akasema inaweza kupiga kizibo cha soda kutoka mwisho wa shamba langu na isikose. "Shika, Bibi, uone ilivyo nzito." Sikushika. Nilimwambia naenda kutazama ndizi jikoni, na ndizi zenyewe zilikuwa hata hazijamenywa. Nikakaa huko juu ya kigoda, mikono mapajani, nikisubiri moyo urudi mahali pake.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nitasema mambo kama nilivyoyaona, sitayapamba. Ninyi wenzangu mlioanika kahawa kwenye mikeka na kukalia nyasi zilizotandikwa sakafuni, mtanielewa.

Kwetu ni Muleba, juu mlimani. Kibanja chetu, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kilipakana na kipande cha msitu kilichoteremka mpaka kijitoni. Mwaka ule kahawa ilikubali. Matawi yaliinama mpaka tukayawekea miti ya kuyategemeza. Baba yangu, Taata, alikuwa amemwahidi Mama cherehani. Mama alikuwa na jicho la kushona. Alitia uzi kwenye sindano bila kuulowesha mate, akiwa anazungumza na mtu mwingine. Majirani walimletea nguo zao azishone kwa mkono, na cherehani alikuwa ameishaitengea mahali, karibu na dirisha.

Taata akaondoka na lori la kahawa kwenda Bukoba mjini. Kesho yake mchana akarudi kwa miguu kutoka barabarani, begani amebeba boksi. Mama akatoka jikoni akijipangusa mikono kwenye kanga. Tumbo lilikuwa limemtangulia, miezi saba hiyo. Akalitazama boksi, akamtazama mumewe.

"Hii ni cherehani gani nyembamba hivi?"

Taata akacheka kile kicheko cha mtu anayejua amekosa. "Subiri kwanza uone, mke wangu."

Akalifungua uani. Ndani kulikuwa na karatasi ya nta, na ndani ya karatasi ndiyo hiyo bunduki. Nilikuwa na miaka saba hivi, na mpaka siku ile sikujua kwamba kitu kizuri kinaweza kutisha. Chuma chake kilikuwa cheusi chenye buluu ndani, kama mgongo wa nyoka aliyetoka majini. Mbao yake ilikuwa ya rangi ya ng'ombe wa kahawia, laini, unatamani kuipapasa. Na harufu ya yale mafuta. Kila kitu cha kwetu kilinukia moshi au udongo au ndizi. Kile hakikunukia mtu yeyote.

Majirani wakajaa. Taata akaishika kwa mikono miwili na kuivunja shingo. Nasema aliivunja, ndivyo nilivyoona: ka! Nikapiga kelele, watu wakanicheka. Akachukua kipande kidogo cha risasi, chenye kiuno kama nyigu, akakitia kwenye shimo la shingo, halafu akairudisha shingo mahali pake na bunduki ikawa nzima tena. Kitu kinachovunjwa shingo na kisife! Nikajificha nyuma ya Mama.

"Haina baruti," Taata akawaeleza wenzake, sauti imekuwa ya mwalimu. "Inavuta hewa, inaibana kifuani, halafu inaitema. Na inapiga palepale unapotaka, si kama magobore yenu yale ya kubahatisha."

Inavuta hewa. Mimi nikajiuliza: ya nani? Pale uani tulikuwa watu kumi na zaidi, kila mtu na pumzi yake.

Akaweka tunda moja jekundu la kahawa juu ya nguzo ya zizi, akarudi nyuma hatua nyingi, akalenga. Pyaa! Sauti yenyewe ndiyo hiyo, kama mzee ametema mate. Hakuna moshi, hakuna kishindo, kuku hata hawakuruka. Lakini tunda halikuwapo. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Gobore la jirani yetu Petro liliponguruma, mlima mzima ulijua, na mwenye miguu alikimbia. Kitu kinachoua kinapaswa kupiga kelele ili viumbe wajihadhari. Hiki kiliua kimya kimya, na kilikuja kukaa ndani ya nyumba yetu, ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria. Tangu siku ile kila nilipopita hapo nilibana pumzi mpaka mlangoni, isije ikanivuta.

Sasa niwaambie habari ya tumbili, maana ndiyo kiini cha mambo yote.

Kila ukoo wa Wahaya una muziro wake, mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawakili, hawakiui, hawakiumizi. Mtoto anarithi muziro wa baba yake. Mwanamke akiolewa anabaki na ule wa kwao. Muziro wa Taata ulikuwa tumbili, kwa hiyo na mimi ni tumbili. Na tumbili walijua. Walitoka msituni asubuhi jua likishapanda, ukoo mzima, wazee kwa watoto, wakaingia kwenye migomba yetu kama watu walioalikwa. Walivunja mikungu ambayo haijakomaa, wakauma mara moja na kutupa. Mbele yao alitembea dume mmoja mzee, kidevu cheupe, mwendo wa chifu.

Bibi yangu, mama yake Taata, ambaye tulimwita Kaaka, hakukubali warushiwe hata bonge la udongo. Alitoka na fimbo yake, akasimama, akawasemesha kwa heshima: "Waitu, ndugu zetu, mmeshiba sasa. Nendeni salama, na sisi tuna watoto." Tumbili wakamtazama wakiendelea kutafuna. Siku bunduki ilipofika, Kaaka hakuja kuitazama. Aliketi mlangoni akitafuna buni zake, na watu walipotawanyika akamwita mwanawe.

"Hiyo, ua nayo ndege. Ua panya. Lakini mdomo wake usielekee muziro wetu. Anayemwaga damu ya muziro, nyumba yake inalipa, na inalipa kwa aliye mdogo kuliko wote. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Taata akawa anapiga mashina ya miti karibu na tumbili, ili wastuke. Siku ya kwanza walistuka. Siku ya tatu yule dume mwenye kidevu cheupe alikuwa anakaa palepale, risasi inapita, anajikuna. Petro akawa anatupigia kelele kutoka ng'ambo ya ua wake:

"Waitu, hiyo bunduki yako kumbe ni ya kuwasalimia! Wape na kahawa watafune!"

Taata aliona haya. Mama hakuona haya, Mama aliona njaa. Alikuwa anahesabu mikungu iliyobaki, anajishika kiuno, anahema. Kati yangu mimi na mtoto aliyekuwa tumboni, walikwisha kuzaliwa wawili wengine. Wote wawili tuliwazika hapo hapo kwenye kibanja, wa kwanza na siku tatu, wa pili hata jina hakupata. Mama alikuwa na hofu juu ya chakula, kwamba bila chakula maziwa hayatatoka. Nami nilimtaka huyo mdogo wangu kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa nimechoka kucheza na makaburi.

Jioni moja niko jikoni namsaidia kumenya ndizi, Taata akaingia akaketi. Mama akasema bila kuinua macho:

"Ulininunulia bunduki badala ya cherehani. Basi na inishonee kitu."

"Unajua siwezi."

"Wewe ndiye huwezi. Mimi muziro wangu ni kamongo, yule samaki wa matopeni. Huyo mwenye kidevu cheupe si ndugu yangu, si shemeji yangu, hata kwenye harusi yangu hakuja."

Taata akacheka, halafu akaacha. "Na mama yangu akijua?"

"Ataambiwa na nani? Na tumbili?"

Kisu cha Mama kilikuwa kinakwenda tu, krr, krr, maganda yanaanguka. Mimi walinisahau. Watu wazima husahau kwamba mtoto ana masikio.

Haikupita wiki, kukawa na msiba kilima cha pili. Kaaka akajifunga kanga yake nyeusi, akaondoka mapema. Jua lilipopanda, tumbili wakaja. Taata akaishusha bunduki ukutani, akaivunja shingo, akatia risasi, akairudisha, akamkabidhi mkewe kama mtu anayempa mwenzake mtoto. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Akawapa tumbili kisogo. Akasimama uso wake umeelekea ukuta wa nyumba, pua karibu iguse udongo.

"Na wewe mtoto, geuka," akaniambia. "Hili si letu kuliona."

Nikageukia migomba. Lakini wenzangu, nani kati yenu aliambiwa geuka akageuka kweli? Mwili ulibaki kwenye migomba, shingo ikarudi.

Mama alikuwa ameegemea mgomba, miguu ameipanua ili tumbo lipate nafasi. Kitako cha bunduki kilikuwa begani, na sehemu yake ya chini imelala juu ya tumbo, maana pa kwenda pengine hapakuwapo. Alihema kwa nguvu, nami nikajua: inamvuta pumzi. Kisha akaacha kuhema kabisa. Jicho moja likafumba. Ni lile jicho lingine, la sindano, lililobaki wazi.

Pyaa!

Dume mwenye kidevu cheupe alikuwa ameketi kwenye panda ya mti, mkononi ana ndizi yetu. Akajipiga kofi upande wa sikio la kushoto, kama mtu anayeua mbu. Ndizi ikaanguka. Halafu yeye mwenyewe akaanguka. Nikasikia uzito wake kwenye majani makavu. Akainuka. Mbele ya sikio palikuwa na kitundu, na uzi mwembamba wa damu. Hakumtazama Mama. Alinitazama mimi. Nilikuwa mtu pekee wa ukoo wake aliyekuwa anaona. Tukatazamana, sijui kwa muda gani, kisha akaenda zake msituni, anapepesuka, na wenzake wote wakamfuata bila sauti.

"Nimempata?" Mama akauliza.

"Mimi sijaona kitu," Taata akajibu, bado anazungumza na ukuta.

Wakaanza kucheka. Mama alicheka mpaka akajishika tumbo. "Na huyu naye anacheka! Mguse, anapiga mateke!"

Hapo ndipo baridi iliponiingia, chini ya jua lile. Aliye tumboni si kamongo. Ni wa kwetu. Mama alikuwa safi, Taata alikuwa amegeuka, lakini bunduki ilikuwa imelala juu ya mtoto wa tumbili, na yeye hakugeuzwa na mtu. Alikuwa ameishika pamoja na mama yake. Na ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Tangu siku hiyo sikula. Nilijua mambo mawili, na yalikuwa yananivuta huku na huku kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. La kwanza: kosa la muziro lina dawa kama likisemwa mapema. Kaaka alituambia mara nyingi kwamba wakubwa wa ukoo wanajua namna ya kuomba radhi. La pili: mke aliyelifanya jambo kama hilo anarudishwa kwao. Nilikwisha kumwona mwanamke wa jirani akirudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo, kikapu kichwani, watoto wanamlilia mlangoni wakiwa wameshikwa mikono wasimfuate. Nikisema, Mama anaondoka na kikapu. Nikinyamaza, mtoto anakufa. Nilikuwa na miaka saba, na hakuna aliyejua kwamba ninachagua.

Mara tatu nilikwenda mpaka mlangoni kwa Kaaka. Mara tatu nikarudi. Mara ya tatu akanikamata mkono.

"Wewe una nini? Mbona umekuwa kama ukuni?"

"Tumbo, Kaaka."

Akachuma majani ya mubilizi, yale machungu kuliko yote, akayaponda, akaninywesha. Kila asubuhi bakuli zima. Nilikunywa uchungu ule kwa ugonjwa ambao sikuwa nao, nikamshukuru kwa magoti.

Na tumbili hawakuja tena. Hata mmoja. Mikungu ikakomaa, Petro akaacha kejeli na kuja kuomba bunduki aishike kidogo. Taata akawa anatembea kifua mbele. "Mashine hiyo," anasema, "mashine." Mimi nilikuwa nasikiliza msitu. Zamani walipiga makelele kutwa. Sasa palikuwa kimya, na nilijua kimya kile kinasubiri nini.

Mama alishikwa na uchungu mchana, mvua ikinyesha. Akaja mkunga, akaja na mke wa Petro, Kaaka akawa kichwani kwa Mama. Mimi nikawa wa kuchota maji na kuchochea moto. Nje Taata alikuwa anazunguka nyumba kwenye mvua, bila kofia. Nilisikia Mama akilia kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, kisha ikakatika. Nikasubiri sauti ya pili, ile ndogo. Haikuja. Nikasikia mvua tu juu ya mabati.

Nikaingia. Hakuna aliyenifukuza, maana hakuna aliyeniona. Mkunga alikuwa amemshika mtoto miguu, kichwa chini, mtoto wa rangi ya zambarau iliyoiva, analegea kama nguo mbichi. Wa kiume. Kichwa kikanigeukia. Na hapo mbele ya sikio, sikio la kushoto, nikaona kitundu. Kidogo, cha duara, kama kimetobolewa na ncha ya sindano. Palepale.

"Ni tumbili!" nikapiga kelele. "Ni tumbili! Mama alimpiga hapohapo! Kaaka, waombe radhi, waombe sasa, anakufa!"

Wanawake wakanigeukia. Mama alifungua macho akanitazama. Mpaka leo sijasahau macho yale. Hayakuwa ya hasira. Yalikuwa ya mtu aliyeona kikapu chake kinaletwa.

Mkunga peke yake hakuniangalia. Akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, akatoa ute, akampiga mgongoni, tena, tena. Mtoto akakohoa. Akalia sauti nyembamba kama ya mwanambuzi.

"Huyu msichana anasema nini?" mke wa Petro akauliza polepole.

Kaaka akamjibu bila kugeuza kichwa. "Ana homa. Wiki ya pili hii anaweweseka. Si umeniona nikimponda mubilizi kila asubuhi? Nenda mama, ukachemshe maji mengine, na wewe mkunga kanawe. Huyu nitamshika mimi."

Wakatoka. Kaaka akamfunga mtoto kwenye kanga, akafunga mlango kwa kisigino, akaniita. Nilidhani atanipiga. Akavuta kitambaa chake cha kichwa. Sikuwahi kumwona bila hicho kitambaa, nywele zake zilikuwa nyeupe na chache, kama za kifaranga. Akachukua kidole changu akakiweka mbele ya sikio lake. Palikuwa na kitundu.

"Nilizaliwa nacho," akasema. "Baba yangu alikuwa nacho. Baba yako anacho, kimefichwa na ndevu. Ni cha kwetu nilikotoka, kwa watu ambao muziro wao ni pongo, yule swala wa msituni. Hakina habari na tumbili."

"Kaaka, wewe si tumbili?"

"Mimi niliolewa hapa. Kama huyu." Akaonyesha kwa kidevu kitandani.

Nilishindwa kuelewa. Yeye aliyewasemesha kwa heshima, aliyewalinda kuliko wenye ukoo wote, kumbe hata si wao! Akawa anamtikisa mtoto, anatazama mvua dirishani, na akasema kwa sauti ya chini, si kwangu, wala sidhani ilikuwa kwa Mama:

"Babu yako naye aligeukia ukuta. Ukuta huohuo. Ila mimi sikuwa na bunduki, nilikuwa na jiwe. Na baba yako alikuwa tumboni."

"Kwa hiyo mtoto hafi?"

Akainama, uso wake ukaja karibu na wangu, nikanusa buni kwenye pumzi yake.

"Siku ile nawe bila shaka uliambiwa ugeuke. Ulikuwa umeelekea wapi?"

"Kaaka, mimi nili..."

"Nakuuliza, ulikuwa umeelekea wapi?"

Nikamtazama Mama. Amefumba macho, lakini machozi yalikuwa yanashuka masikioni.

"Kwenye migomba, Kaaka."

"Uliona nini?"

"Majani."

"Na ukiulizwa na baba yako? Ukiulizwa na padri?"

"Majani."

"Basi." Akaniketisha juu ya nyasi, akaniwekea mtoto mapajani.

Hapo ndipo nilipohisi mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Mikono ya Kaaka, iliyokamata jogoo na kumchinja bila kumfunga, ilitetemeka mpaka kanga ya mtoto ikawa inacheza. Wiki zote zile niliogopa, lakini chini ya hofu yangu palikuwa na sakafu: nilijua kwamba yuko mtu mmoja ndani ya nyumba anayejua mambo haya yalivyo, anayejua nani anakufa na nani anapona. Sasa nikaona kwamba hajui. Alirusha jiwe akiwa mke kijana, na tangu siku hiyo aliwaomba tumbili radhi kila asubuhi, miaka yote, akingoja waje kudai. Sakafu ikaondoka. Nilimshika mdogo wangu nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na hofu hiyo haikuwa na mtu wa kuipeleka kwake.

Bunduki haikukaa. Kaaka alimwambia Taata maneno machache nyuma ya nyumba, sikuyasikia, na wiki ileile ikavushwa ziwa kwenda kisiwa cha Goziba kwa shemeji wa Taata aliyekuwa anaanika dagaa, akafukuze nayo ndege. Tumbili wakarudi msimu uliofuata. Yule mwenye kidevu cheupe sikumwona tena. Taata alitoka uani akawatazama wakila.

Mdogo wangu alikua. Alikua kweli, jamani, kwa mabega na sauti. Sasa ni babu wa watu, anakaa Rwamishenye, ana duka lake na magoti mabovu. Kila alipopata malaria mimi nilikuwa wa kwanza kufika kitandani kwake. Alipopinduka na pikipiki, nilifika kabla ya mkewe. Ananicheka: "Dada, mimi ni mzee wa miaka hii yote, unaniogopea nini?" Namwambia ni kwa sababu Mama aliniachia wewe. Hajui chochote. Ana kitundu chake sikioni na anajivunia, anasema ndicho kinachompa akili ya biashara.

Kaaka alikufa akiwa mzee sana, Taata akamfuata, Mama akaja kufa mwisho. Siku zake za mwisho nilimuuguza mimi, na asubuhi moja akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, siku ile..." Nikamwambia, "Mama, mimi niliona majani." Akatabasamu, akageukia upande wa pili akalala. Nimeungama dhambi nyingi kwa mapadri wengi, nyingine za aibu. Hii sijaipeleka. Lakini wote niliowatunzia siri wamelala chini ya migomba sasa, nami nimechoka kuibeba peke yangu.

Sikugeuka. Niliona kila kitu.